Mwaka Tuliokataza Kuchoma Nyasi Mkongani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia iliyonipwaya, nikapelekwa kwenye kizuizi cha Kombani. Kizuizi chenyewe kilikuwa mti mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, pale njia ya Kwale inapoachana na barabara kuu. Bendera ya nchi ilikuwa mpya bado, na sisi vijana tulioajiriwa uaskari wa misitu tulijiona wapya pamoja nayo. Mimi nilitoka Msambweni. Kwetu watu walikuwa wavuvi, na msitu niliujua kwa mbali tu, kama vilima vya kijani ninavyoviona nikienda shule.

Mkubwa wa kizuizi tulimwita Sajini. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye kucha nene kama za mkata mawe. Kazi yetu ilikuwa kusimamisha malori yaliyobeba mbao na magogo na kuhakikisha kwamba yalikatwa kwa ruhusa. Nikamuuliza nitajuaje gogo la halali na la wizi.

Akanishika bega, akaniinamisha nyuma ya lori. "Tazama kitakoni," akasema. "Hapa ndipo tunapopiga nyundo. Ukiona alama, mwache apite. Usipoiona, mteremshe dereva, na usisikilize hadithi yake."

Nyundo aliyoisema ilikuwa ya chuma, na usoni mwake imechongwa herufi zilizogeuzwa. Ukiipiga kwenye gogo lililokatwa, herufi zinabaki zimesimama vizuri. Nilikaa Kombani karibu miaka miwili, na lile neno la mwisho la Sajini ndilo nililolishika kuliko yote. Usisikilize hadithi yake. Nilikuwa hodari wa kutosikiliza. Ndiyo maana nikapandishwa cheo na kuhamishiwa Mkongani.

Mkongani ni mashamba. Siku hizo kulikuwa na nyumba za makuti zilizotawanyika, mihogo, mahindi, minazi na mikorosho, na upande wa juu ulikuwa msitu wa serikali. Ndani ya msitu ule palikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na msitu wa asili, ambao wenyeji waliuita tsaka kwa Kidigo, na kulikuwa na misonobari iliyopandwa kwa mistari. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Msitu, ndivyo watu wote walivyomwita msimamizi wa kituo. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, na aliipenda misonobari yake kama mtu anavyowapenda wanawe. Alijua mstari gani umeliwa na mchwa na mstari gani umechelewa kukua. Asubuhi alikuwa akipita nasari, yaani kitalu cha miche, akigusa miche kwa ncha za vidole.

Alininyoshea mkono, akasema, "Hapa adui ni mmoja tu, Athmani. Moto. Watu wa hapa wanapenda kuchoma. Ukimpata mtu na kiberiti karibu na mpaka, huyo ni wako."

Kati ya mashamba na msitu palikuwa na ukanda wa nyasi ndefu, upana wake kama uwanja wa mpira, wenye kufuata mpaka wote. Wenyeji walikuwa na desturi ya kuuchoma ukanda ule kila mwaka mara mvua za vuli zinapokatika, wakati nyasi zimekauka juu lakini shina bado lina maji. Moto wa namna hiyo hutambaa. Hauruki, haupandi mti, na jioni umekufa wenyewe. Unaacha weusi chini, na kaskazi ikija na ukavu wake hapana cha kuungua pale. Haya nayaeleza leo kama mtu anayeyajua. Wakati ule sikuyajua. Niliona moshi tu, na moshi ulikuwa kosa.

Sheria haikukataza kabisa. Ilisema mtu akitaka kuchoma karibu na mpaka aombe kibali cha maandishi kituoni. Lakini Bwana Msitu hakupenda kutia sahihi kibali chochote cha moto, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni.

Alikuja mama mmoja jina lake Mejumaa. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti kavu, na shamba lake la mikorosho lilikuwa limegusana na ule ukanda. Watu wa upande ule walimsikiliza yeye katika mambo ya kuchoma, kama walivyomsikiliza marehemu mumewe na mama mkwe wake kabla yake. Yeye ndiye aliyekuwa akishika nyasi mkononi, akizivunja, na kusema leo au bado.

"Nimekuja kuomba ile karatasi," aliniambia. "Nyasi ziko tayari. Zikipita siku kumi zitakuwa kali."

Nikaingia ndani, nikamwambia Bwana Msitu. Hakuinua macho. "Mwambie angoje," akasema.

Nikamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi. Nikamwambia Bwana Msitu yuko shambani, angoje. Mara ya pili hiyo alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "nyasi hazijui kungoja." Akaondoka.

Siku ya tatu yake nikaona moshi. Nilipofika nilimkuta yeye na jamaa zake wanane wamejipanga kwa mstari, kila mmoja ana tawi bichi, na moto unatambaa mbele yao kama maji yanayomwagika polepole. Hapakuwa na fujo. Wenzake waliponiona walirudi nyuma. Yeye alibaki pale pale akaendelea kupiga kingo za moto mpaka ukazimika upande wake, ndipo akaja.

"Nani amewasha?" nikauliza.

"Mimi."

"Una kibali?"

"Unajua sina. Wewe ndiye uliyeninyima."

Nilimkamata. Nilimtembeza mpaka kituoni mbele ya watu, na njiani hakusema neno, nami nilifurahi kwamba hakusema.

Mahakamani hakimu alikuwa mtu wa haki. Alimsikiliza Mejumaa, na yeye akaeleza kwamba alikuja kituoni mara mbili kuomba kibali akaambiwa angoje. Hakimu akaandika, kisha akanigeukia. "Askari, ni kweli huyu mama alikuja kuomba?"

Bwana Msitu alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama, lakini nilijua yuko pale, nikajua pia kwamba nikisema ndiyo, swali litakalofuata litaelekezwa kwake. Nilikuwa nimeoa mwaka ule. Nilikuwa na matumaini ya cheo.

"Sina habari hiyo, mheshimiwa," nikasema.

Mejumaa alifungwa wiki sita. Wanawe walikwenda kukaa kwa dada yake. Alipotoka alipita njia ya kituoni, njia ambayo haikuwa ya lazima kwake, akaniona nimesimama mlangoni. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Hakuitika. Kwetu pwani mtu anaweza kukutukana ukasahau, lakini shikamoo yako isipopokelewa, unakwenda nayo nyumbani, unalala nayo.

Baada ya hapo hakuna aliyechoma tena. Bwana Msitu alifurahi, akaandika ripoti nzuri. Mwaka wa kwanza ukanda ulimea ukafika kiunoni. Mwaka wa pili nyasi mpya ziliota juu ya zile kavu za zamani, zikashikana kama godoro. Mwaka wa tatu vuli zilikuwa haba na kaskazi ilikuwa ndefu, na ukipita pale mchana ulisikia nyasi zinalia tik, tik, kwa joto.

Moto ulianza kabla ya adhuhuri. Mpaka leo sijui uliwashwa na nani. Ulitokea upande wa njia ya gari, ukaingia kwenye ukanda, na haukutambaa. Ulisimama. Niliona ndimi zake zikipita juu ya vichwa vya minazi michanga, na mlio wake ulikuwa kama lori linalopanda mlima. Tulikuwa askari watano na vibarua kumi wa nasari. Tulikuwa na fimbo zenye vipande vya mpira wa gurudumu nchani, za kupigia moto, na tulikuwa na njia ya moto, yaani ukanda uliolimwa ukaachwa mtupu ili moto ukifika ukose chakula. Moto uliiruka njia ile bila kupunguza mwendo. Mistari ya kwanza ya misonobari ikaanza kupasuka.

Bwana Msitu alikuwa amepoteza kofia. "Enda uite watu!" akanipigia kelele. "Sheria inasema kila mtu mzima atoke kuzima moto. Waambie ni sheria!"

Nilikimbia mpaka kwenye nyumba. Watu walikuwa nje wote, wamesimama, wanatazama. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, labda mia. Hakuna aliyekuwa na tawi mkononi. Nikasema kwa sauti kwamba msitu unaungua na kila mtu anatakiwa. Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Sisi tumekatazwa kushika moto, bwana askari. Hatuwezi kuvunja amri."

Sitasema kwamba walifurahi. Nyuso zao hazikuwa na furaha. Moto ule ulikuwa unaelekea msituni kwanza, lakini upepo ungegeuka kidogo tu ungewafuata wao, na walijua. Walikuwa wanangoja kitu, na nilijua ni kitu gani, na nilijua kiko kwa nani.

Mejumaa alikuwa amesimama kando ya nyumba yake, amejifunga leso kiunoni. Nikamwendea.

"Mama, tusaidie."

"Nani anaomba?" akauliza. "Serikali au wewe?"

"Mimi."

"Basi nijibu wewe, mbele ya watu hawa. Mimi nilikuja kuomba kibali au sikuja?"

Nyuma yangu mti mzima wa msonobari ulilipuka, watu wakashtuka. Bwana Msitu alikuwa amenifuata na amefika, anahema, na alisikia swali lile kama nilivyolisikia mimi. Safari hii niligeuka nikamtazama. Kisha nikamgeukia Mejumaa na watu.

"Ulikuja," nikasema. "Ulikuja mara mbili. Mimi ndiye niliyekurudisha. Na mahakamani niliulizwa, nikasema uongo."

Bwana Msitu hakunikanusha. Angeweza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, ni mimi nilikataa hiyo karatasi. Sasa wewe utuambie tufanye nini."

Mejumaa hakupoteza wakati wa kushinda. Alichukua vumbi, akaliachia hewani, akatazama linakokwenda. "Huku chini hauzimiki kwa kupiga," akasema. "Utazimika ukikosa nyasi. Lazima tuwashe wa kwetu uende kukutana nao."

"Tuwashe wapi?" Bwana Msitu akauliza. "Nyasi zote ni nene. Tukiwasha pale, utatugeukia sisi."

"Si pale." Akaonyesha kwa kidevu. Alionyesha shamba lake. Chini ya mikorosho yake alikuwa amepalilia, ardhi ilikuwa nyeupe, na ndiyo sehemu peke yake ambayo mtu angeweza kusimama akawasha moto usimgeukie. Lakini mstari wa mbele wa mikorosho ulikuwa umeingiliana na nyasi. Ukiwasha pale, mstari ule unakwenda.

Dada yake akasema, "Mejumaa, ile mikorosho mumeo aliipanda."

"Najua nani aliipanda," akajibu. Kisha akawageukia watu, na sauti yake ilikuwa ile ile kavu. "Wanaume upande wa kulia. Wanawake nyuma yangu. Mtu asikimbie mbele ya mwenzake. Askari, njoo hapa, ushike hiki."

Alinipa mwenge wa makuti. Kwa mkono wangu mimi, niliyekuwa nimewakamata watu kwa njiti moja ya kiberiti, niliwasha moto chini ya mikorosho yake ya mbele. Majani yale yana mafuta. Yaliwaka kwa mlio mkali na moshi mweusi. Mejumaa hakutazama upande ule. Alitembea nyuma ya mstari, akisema, "Piga kingo. Piga. Usiuache urudi nyuma." Moto wetu ulisita, ukavutwa na ule mkubwa kama kitu kinachoitwa, ukaenda. Mioto hiyo miwili ilipokutana, miali ilipanda juu pamoja, kisha, jambo ambalo sikuliamini mpaka niliponyosha mkono kuhisi joto, ikaanguka. Palibaki majivu na moshi.

Tuliokoa zaidi ya nusu ya misonobari, na tsaka yote. Hakuna mtu aliyekufa. Mzee yule mpole aliungua mguu. Mejumaa alipoteza mikorosho kumi na minne, nami naijua idadi kwa sababu nilikwenda kuihesabu kesho yake asubuhi, visiki vyeusi vikitoa moshi, na nilimkuta amekaa ukingoni.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamwambia najuta, nikamwambia wiki zile sita siwezi kumrudishia, nikamwomba radhi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema.

Nikangoja. Akasimama, akajikung'uta, akaenda zake.

Bwana Msitu aliandika ripoti yake, na najua aliandika ukweli kwa sababu alinipa niisome kabla ya kuituma. Aliandika kwamba kituo kilinyima kibali na kwamba shahidi wa kituo hakusema kweli. Sote wawili tulipewa onyo, na cheo nilichokitarajia kilikwenda kwa mwingine. Kabla hajahamishwa alimpelekea Mejumaa miche ya mikorosho kutoka nasari, akaibeba mwenyewe. Aliipokea. Alimpa na maji ya kunywa. Mimi sikuwahi kunywa maji nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata vuli zilipokatika, Mejumaa alikuja mlangoni pangu. "Nyasi ziko tayari," akasema. Bwana Msitu mpya alikuwa bado hajawasili, na mimi ndiye niliyekaimu. Niliandika kibali pale pale, nikamwuliza kama naweza kwenda nao. "Njia ni ya watu wote," akajibu. Nikaenda, nikasimama mwisho wa mstari na tawi langu. Nilifanya hivyo kwa miaka minane. Nilijifunza kuvunja shina na kusikiliza mlio wake, nikajifunza kwamba umande wa asubuhi ndio unaoamua saa. Vitu hivi havikuwa katika kitabu chochote cha kazi nilichopewa. Katika miaka hiyo yote aliniita askari, na shikamoo yangu aliipokea kwa kutikisa kichwa tu. Marahaba hakuwahi kuitamka.

Nilihamishiwa Gazi baadaye, kwenye mikoko. Kule nilikuta wakataji wa boriti wenye utaratibu wao wa kupumzisha sehemu moja ya mikoko na kukata nyingine, na siku ya kwanza, badala ya kuwaonyesha sheria, niliwauliza wanafanyaje na kwa nini. Walinitazama kwa mashaka. Askari aliyeuliza swali walikuwa hawajamwona. Niliona kazi ikiwa nyepesi tangu hapo, na mikoko ya upande wangu ilibaki imesimama, lakini sifa hiyo si yangu. Nilikuwa Gazi nilipopata habari kwamba Mejumaa amefariki. Nilikwenda maziko, nikashika jeneza pamoja na wengine hatua chache, nikapokezana na mtu nisiyemjua. Kama alinisamehe, hakumwambia mtu, nami sikuwauliza wanawe. Si haki yangu kuuliza.

Nimestaafu sasa muda mrefu. Vijana wanaosomea misitu huja kuniuliza mambo ya zamani, na wengi hutaka kusikia habari za majangili na magogo ya wizi. Nawaambia hizo ni habari ndogo. Siku hizi kuna vyama vya wanavijiji vinavyokaa meza moja na serikali, vina mwenyekiti na katibu, na kuna mpango wa pamoja unaoandikwa na kusainiwa. Zipo kasoro, wapo wanaokuja kwa posho tu, na wapo maofisa wanaokaa pale wakiwa wameshaamua. Sisemi kila mwanakijiji anaupenda msitu. Wapo waliouiba mbele ya macho yangu. Nasema tu kwamba sisi tuliwakataza waliojua pamoja na walioiba, tukawaita wote jina moja.

Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, nikapewa kiti cha mbele kwa heshima ya umri. Ofisa alikuwa binti mdogo, mwenye shahada, msafi, mwenye haraka. Alisoma mpango wa mwaka kutoka kwenye karatasi, akafika kwenye kuchoma ukanda wa mpaka, akataja tarehe.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akiwa na mtoto mapajani akasema, bila kusimama, "Tarehe hiyo si nzuri. Mwaka huu vuli zimechelewa kukatika. Nyasi zitakuwa mbichi, moto hautakwenda. Ongeza wiki mbili."

Sikumjua mwanamke yule wala watu wake. Nilimtazama binti wa ofisi, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mtu anayesubiri hukumu yake mwenyewe.

Akachukua kalamu, akakata tarehe aliyoiandika, akauliza, "Wiki mbili, mama, au tatu?"

"Mbili zinatosha," yule mwanamke akasema, na akaendelea kumlaza mtoto wake.

Binti akaandika. Kisha akageuza ukurasa, wakaendelea na mambo mengine, na hakuna aliyeona kwamba kuna jambo lolote limetokea.